Pointi za Maskati

Ijumaa, 4 Aprili

Mwende, ninayekaa naye chumba kimoja afisini, asema mtu mwenye hasira kama zangu aziandike kila jioni, zitampungua. Haya, naandika. Zimenianza leo baada ya swala ya Ijumaa, sinia la pilau likiwa mbele yangu, na mpaka sasa hazijapungua hata chembe.

Nilikuwa na habari njema. Niliificha juma zima nikimngoja kaka Kamaludin, kwa sababu Ijumaa huja kula kwa mama. Habari yenyewe ni hii. Kazi yangu ni kuonja chai. Kampuni yanunua chai mnadani hapa Mombasa, na mimi ndiye ninayetumwa Karachi, Kairo na Dubai kuwaonjesha wateja. Kila nikipanda ndege, shirika hunitilia pointi, na pointi zikikusanyika hubadilishwa kwa tiketi. Wenzangu huzila mbichi. Huyu kachukua begi la magurudumu, yule kalala usiku mmoja hotelini, mwengine kabadilisha kwa vocha ya duka. Mimi nimezilea miaka na miaka nikijinyima, na sasa zimetimia na kupita. Zatosha viti viwili vya mbele, vile vinavyolala kama kitanda, kwenda Maskati na kurudi. Kimoja changu, kimoja cha mama.

Maskati yuko mama mkubwa, Bi Ummukulthum, ndugu pekee aliyebaki wa mama. Aliolewa huko akiwa msichana. Figo zake zimekufa, na mara tatu kwa juma hufungwa kwenye mashine akasafishwa damu, kwa hivyo kusafiri hawezi. Mama naye goti lake halikunjiki tangu alipopasuliwa, na kiti cha nyuma cha ndege hakiwezi hata kwa dawa. Hawajaonana tangu msiba wa baba. Mzamil, mwanawe mama mkubwa, aliniambia kwenye simu: "Dada, kama mwaja, njooni mwaka huu."

Nilipomaliza kueleza, mama alisema, "Mashallah, mwanangu. Mungu akupe zaidi." Kisha akamtazama Kamaludin. Kamaludin akanawa, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Na hizo tiketi ulizoruka nazo, ulizinunua wewe?"

"Kampuni ilinunua."

"Basi pointi ni haki ya kampuni. Utampelekaje mzee wako kwa haki ya watu?"

Huyu ni mtu anayeuza mafuta mazuri ya kujinukisha na misahafu katika kiduka cha Mji wa Kale, na ndege kapanda mara moja tu, alipokwenda Hija. Nilitaka kumrushia kachumbari. Mama akasema, "Kuleni, pilau lapoa."

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa mkubwa wangu, Bwana Zakariya, nikamuuliza waziwazi pointi ni za nani. Alicheka mpaka akavua miwani. "Pointi ni za aliyekaa kitini, Mwanakhamis. Zangu mimi nilimpeleka mke wangu Istanbul." Nikamwomba amwambie kakangu kwa kinywa chake. Akampigia simu pale pale, wakaamkiana kwa kirefu, wakaulizana hali za wazee na za watoto, na mwisho Kamaludin akasema, "Alhamdulillahi, nimefahamu."

Amefahamu. Kwisha maneno.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kutwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Hayakwisha maneno.

Leo ameuliza kama pointi zote ni za safari. Mimi na ujinga wangu wa kusema kweli nikamwambia la, nyengine zimetoka kwenye kadi ya benki, maana kila nikinunua kitu kwa kadi ile shirika huniongezea.

"Kadi ya mkopo?"

"Ndiyo, lakini nalipa yote kila mwisho wa mwezi. Riba silipi hata senti."

"Hulipi wewe. Wanaolipa ni wengine, na hizo pointi zatoka kwao. Sasa mtu mzima kama mama, mguu mmoja kaburini, umpandishe juu ya riba?"

"Astaghfirullahi," mama akasema, taratibu, akichambua mwiba wa samaki.

Niliondoka sinia likiwa halijakwisha. Nimekuja juu chumbani, na huku nikiandika namsikia chini akimsomea mama hadithi za watu wa kale waliokataa kula tende moja ya shaka. Mwaka jana huyu huyu alinibembeleza nimletee simu kutoka Dubai, na hakuniuliza nililipa kwa kadi gani.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefanya jambo ambalo mtu anayejua thamani ya pointi hawezi kulisoma bila ya kushika kichwa.

Nimefungua akaunti, nikatenga pointi za kadi mbali na pointi za safari. Za kadi zilikuwa kama theluthi. Shirika lina mahali pa kutoa pointi sadaka kwa watoto wanaopelekwa nje kutibiwa. Nimezitoa zote. Mwende alikuwa nyuma yangu na kikombe chake cha uji.

"Umezibonyeza? Zote? Si ungenipa mimi nikampeleka mamangu Kisumu kwa dada yangu?"

"Ni za shaka, Mwende."

"Mimi ningezila na shaka yake."

Zilizobaki zatosha viti viwili, kwa kukwangua sufuria. Nimemtumia Kamaludin ujumbe kumweleza. Amejibu kwa picha ya kiganja kilichoinuliwa kuomba dua.

Jumamosi, 19 Aprili

Maji yamejaa Kibarani. Nimefika ghalani viatu mkononi, nikaonja chai miguu ikiwa na tope.

Ijumaa, 25 Aprili

Kamaludin hakuja, ana homa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema leo nitazungumza na mama peke yetu, tupange tarehe.

Nilimwonyesha viti kwenye simu. Nikamwambia ataletewa chai kwa birika la fedha, atanyoosha mguu wake mpaka mwisho. Alitazama kwa heshima, kama mtu aoneshwaye picha za arusi asiyoalikwa. Akauliza, "Na hivi vitu vya chini hapa ni nini?"

Vilikuwa vitu vya duka la shirika. Masufuria, saa, mashuka. Akaonyesha brenda ya kusagia.

"Basi nichukulie hino mwanangu. Ile yangu yanuka moto."

Nilimweleza polepole, kwa sauti ambayo najua haikuwa ya polepole. Pointi ukizitumia dukani wanakuhesabia kama takataka. Brenda ile kwa Mhindi wa Biashara Street wainunua kwa pesa za sokoni, na wao wanataka pointi zinazokaribia kumfikisha mtu Nairobi na kumrudisha. Pointi hazina thamani mpaka uzitie kwenye kiti ambacho kwa pesa zako usingekikalia maishani. Hapo ndipo pointi moja yawa kumi. Ndiyo maana nimengoja! Ndiyo maana sikuchukua begi wala hoteli!

"Mh," mama akasema. "Nilisema tu. Mvua imeanza, zitoe nguo kambani."

Jumapili, 27 Aprili

Nimemnunulia brenda. Kwa pesa.

Ijumaa, 2 Mei

Homa imekwisha, na Kamaludin amerudi na jipya. Sasa ni wanawake wawili kusafiri bila ya mahramu, mwanamume wa nyumbani wa kuwasindikiza. Nimeruka Karachi peke yangu miaka yote hii na yeye ndiye huniombea dua mlangoni.

"Basi njoo wewe," nilimwambia. "Shika nafasi yangu. Mpeleke mama, mimi nitabaki."

Na kweli nilikuwa tayari kubaki. Nilimwona akitafuta pa kutokea. Akasema duka hana wa kumwachia. Nikasema nitaomba likizo niuze mafuta mimi. Akasema wateja wake ni wanaume. Akasema mvua. Akasema pasipoti yake imepitwa na wakati. Nikageuka kwa mama nikitaraji atanitetea, na mama alikuwa akikung'uta kitambaa cha meza kilichokuwa safi.

Nimewaza leo kwamba kakangu ananionea kijicho. Yeye ndiye mkubwa, ndiye mwanamume, na mwenye kumpeleka mama Maskati ni mimi. Hakuna jengine. Namwona sasa alivyo, na najuta kuwa sikumwona mapema.

Ijumaa, 9 Mei

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyaogopa. Shirika limeleta barua pepe yenye maua na maneno matamu, "tunaboresha safari yako." Wakikwambia wanaboresha, shika mfuko wako. Nimeshuka mpaka chini kabisa kwenye maandishi madogo. Kuanzia tarehe mosi Juni, viti vya nyuma vitapanda kidogo, na vya mbele vitataka pointi karibu mara nne.

Karibu mara nne! Pointi ni zile zile, nimezitolea jasho zile zile, nimezilalia kwenye viti vya viwanja vya ndege, na mtu mmoja aliyekaa mahali penye baridi ameamka akasema leo ni robo. Ukiwa na mchele ghalani, panya ala kidogo kidogo unamwona. Huyu haonekani.

Nimekata shauri. Viti vikatwe mwezi huu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia mama. Amesema tusubiri mvua ipungue.

Alhamisi, 15 Mei

Mama asema pasipoti hajui ameitia wapi. Nimepekua makabati yote mawili. Alikaa kitandani akinielekeza, "Labda kule," na nikienda kule, "Ama labda huku."

Jumanne, 20 Mei

Mzamil amepiga simu. Mama mkubwa alilazwa, sasa ametoka. Sauti ya Mzamil si ile ya Aprili.

Mwende ameniuliza kwa nini nisikate tu tiketi, mama akasirike baadaye. "Kwetu Kitui ningekuwa nishampakia." Kumkatia mama tiketi aliyosema isubiri ni kumvunjia heshima, na mimi, kwa hasira zangu zote, sijawahi kumvunjia mama heshima. Nilimwambia hivyo.

"Basi nyinyi mtakufa na adabu zenu," alisema Mwende, akarudi kwenye vikombe vyake.

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya mwisho ya bei ya zamani. Pasipoti imeonekana, mimi nimeiona, ilikuwa ndani ya foronya ya mto wa mama. Amesema, "Ajabu!" Nilikwenda kwa Kamaludin adhuhuri nikamwomba. Nilimwomba, mimi. Nilimwambia neno moja tu kutoka kwako, mama atakubali. Akasema amemuuliza sheikh mmoja wa Lamu na bado jawabu. Akakataa kunitazama. Nilirudi nyumbani, mama alikuwa ndani akisali, na akasali mpaka alasiri ikaingia magharibi.

Sikukata.

Jumapili, 1 Juni

Bei imebadilika. Nimetazama mara mbili kwa sababu mara ya kwanza macho yaliniingia ukungu. Pointi nilizonazo sasa zampeleka mtu mmoja, kwenda tu.

Jumatano, 4 Juni

Nitaandika yote.

Asubuhi sikwenda kazini. Nilimpigia Bwana Zakariya kuwa naumwa, na si uwongo. Nikateremka mpaka dukani kwa Kamaludin. Uchochoro ulikuwa na maji ya mvua, tuktuk imezimika katikati na dereva wake anaisukuma, na sikumsaidia. Kamaludin alikuwa akifuta chupa.

"Sabalkheri, kaka." Hata ukienda kumchinja mtu, wamwamkia kwanza.

"Sabalkheri, Mwanakhamis. U hali gani? Watu wa nyumbani?"

"Watu wa nyumbani ni mama, na mama umemuua. Umemkatalia ndugu yake. Kwanza haki ya watu, kisha riba, kisha mahramu, kisha sheikh wa Lamu. Jina lake nani huyo sheikh? Mtaje! Ukiona kijicho kwa kuwa ni mimi nimpelekaye, sema. Mama mkubwa akifa kabla ya mama kumwona, mimi nitasimama mbele ya watu wa hitima nitangaze ni wewe."

Alikuwa na mteja, mzee wa watu, akaweka chupa yake chini akatoka bila ya kuchukua chenji. Kamaludin akafunga mlango nusu.

"Wan'onea," alisema. "Wallahi wan'onea. Ile ya kwanza ilikuwa yangu, ya haki ya watu. Niliuliza kwa kutaka kujua. Jioni ile mama akan'pigia simu. Akan'ambia, umeniokoa mwanangu. Akipata jawabu, mtafutie nyengine."

Sikufahamu. Nilimwambia arudie. Akarudia.

"Mama hataki kwenda Maskati. Hakutaka tangu mwanzo."

"Na kwa nini asin'ambie mimi?"

"Ulivyofurahi vile? Yuwakuonea muhali."

Muhali. Neno hili ndilo litakalotuzika watu wa mji huu. Jirani akuomba sufuria la arusi na wewe walitaka kesho, wampa kwa muhali. Mtu akaribishwa chakula ameshiba mpaka kooni, ala kwa muhali, kisha mwenyeji amwongeza, naye mwenyeji chakula hakimtoshi, ameongeza kwa muhali. Watu wameoana kwa muhali! Na sisi twajisifu kuwa ndio ustaarabu, twawacheka watu wa bara kwa kusema hapana usoni pa mtu. Wao wasemapo hapana mambo yanakwisha, wanakunywa chai. Sisi twasema "tutaona," na miezi inapita na pointi zinaoza.

"Na wewe ukakubali kuwa adui yangu," nilimwambia.

"Mama aliniomba. Ningemwambiaje?"

"Ungemwambia hapana!"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aruke kutoka paani. Hapo nilimwonea huruma, na hiyo ikanizidishia hasira, kwa sababu miezi miwili nimemchukia mtu kwa bidii na sasa sina pa kuyapeleka machukio yangu.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa jikoni anakata ndimu za achari. Sikuamkia.

"Mama, hutaki kwenda Maskati?"

Kisu kikaendelea. Ndimu moja, mbili.

"Kamaludin kasema?"

"Mama. Wataka ama hutaki?"

Akaweka kisu. "Dada alin'ambia nisije. Kabla ya Ramadhani. Alisema, usijisumbue na goti hilo, mdogo wangu, tutaonana kwa Mola. Mtu akishakwambia hivyo, waenda kufanya nini? Hataki nimwone alivyo sasa. Dada alikuwa mzuri, wewe hukumwona ujanani. Nami sijipeleki kwa mtu asiyenitaka, hata akiwa wa tumbo moja."

"Na hukun'ambia."

"Wewe ulikuwa na viti vyako." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye ndimu, na jicho likamwasha, akawa analia kwa mawili. Nikamwosha uso kwa maji ya mtungi nikiwa bado namgombeza. Sijawahi kumgombeza mama. Leo nimemgombeza huku nimemshika shavu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempigia mama mkubwa mwenyewe. Alikuwa kwenye mashine, niliisikia ikilia nyuma yake. Aliponipokea akaanza kuuliza hali zetu, na za majirani, na kama mvua ni nyingi. Nikamkata. Nimemkata mama mkubwa maneno.

"Mama mkubwa, n'samehe, nakuuliza neno moja. Wamtaka mama aje ama humtaki?"

"Mwanangu, nani asiyemtaka ndugu yake?"

"Hilo si jawabu. Namtaka, ama simtaki."

Mashine ililia mara nyingi.

"Namtaka," alisema. "Kila siku namuuliza Mzamil ndege za Mombasa zafika saa ngapi."

"Basi kwa nini ulimwambia asije?"

"Goti lake. Nilimwonea imani. Kisha..." Akakohoa. "Kisha nilidhani atanikatalia. Nilidhani atasema, nakuja, upende usipende. Akasema, haya dada, kama usemavyo. Nikanyamaza."

Nilikaa na simu mkononi baada ya kuagana naye. Wazee wawili, kila mmoja amefunga mlango wake kwa adabu, na kila mmoja nyuma ya mlango wake ananung'unika kwa nini hapigiwi hodi. Nilitaka kuvunja kitu. Nilitazama brenda.

Kabla ya magharibi nikakata kiti. Kimoja, cha mbele, kwenda tu, Alhamisi ijayo. Ushuru wa uwanja nimelipa mimi. Pointi zilizobaki hazinunui hata shuka la dukani kwao. Mahramu hayumo na Kamaludin hakufungua mdomo.

Ijumaa, 6 Juni

Idd ya kuchinja. Mama amesikia aliyosema dada yake, nilimrudishia neno kwa neno. Alivaa leso mpya, akala vizuri, akamwita jirani yetu Sidi aje amsaidie kupiga pasi nguo za safari. Nguo zenyewe hazijafuliwa.

Alhamisi, 12 Juni

Mama ameondoka.

Uwanjani alikuwa na chupa nne za achari, mkate wa sinia, na ubani. Walitaka kumnyang'anya achari. Nilipiga kelele mpaka mkubwa wao akaja, tukaitia kwenye begi la kupakizwa, mimi na Kamaludin tukiwa tumechuchumaa sakafuni tunafunga chupa kwa kanga, hatusemezani.

Msichana wa kiti cha magurudumu alipokuja, mama akageuka, akaangalia nyuma yangu kama anatafuta begi langu.

"Na wewe? Wewe waja lini?"

Kamaludin alinikonyeza. Najua alitaka niseme nini. Nina kazi afisini, mama, nitafuata juma lijalo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yana sukari kabisa.

"Siji, mama. Pointi hazikutosha. Mwezi wa Aprili zilitosha, zetu sote wawili. Mumenichelewesha, wewe na mwanao, na mama mkubwa. Mimi pia natamani kumwona, na pengine sitamwona tena."

Uso wake ulishuka. Nikaona aibu, na sikuyarudisha. Akanishika kifundo cha mkono, akakibana, sikujua ana nguvu vile. Hakuomba radhi wala hakuniombea dua. Alinibana tu, kisha msichana akamsukuma.

Kwenye gari la kurudi, Kamaludin alisema tulipofika Kibarani, "Ulikuwa mkali."

"Ndiyo," nilisema.

Ijumaa, 13 Juni

Kafika. Mzamil ametuma picha. Wamelala kitanda kimoja, mmoja na goti lake juu ya mto, mmoja na mkono wake uliofungwa bendeji. Wamenuna wote wawili. Mzamil asema wamegombana tangu alfajiri nani alimkataa nani.

Ijumaa, 20 Juni

Tumekula watatu, mimi, Kamaludin na Sidi. Pilau langu halikuiva.

Alhamisi, 26 Juni

Sasa kumrudisha. Viza ya mama itakwisha na goti ni lile lile, kwa hivyo kiti ni cha mbele tena. Kwa pesa taslimu tungeuza duka. Lakini shirika limetangaza jambo ambalo huja mara moja kwa mwaka. Ukinunua pointi wiki hii, wanakuongezea nyengine kiasi hicho hicho bure. Siku za kawaida kununua pointi ni upumbavu. Wiki hii, kwa kiti cha mbele cha kwenda au kurudi tu, wapata kwa robo ya bei. Nilifanya hesabu kwa kalamu, kisha kwa simu, kisha nikampa Mwende azifanye. Zikawa ni hizo.

Pesa za kununulia sina. Nikaenda dukani.

"Pointi," alisema Kamaludin.

"Pointi."

"Walipa kwa kadi ile ile?"

Nilimtazama tu. Akavuta droo, akahesabu, akasita, akaongeza. "Lipa kwa simu," alisema, "si kwa kadi." Nikamwambia sawa. Nimekubali kwa roho safi. Mtu hujirudi kidogo kidogo.

Jumamosi, 28 Juni

Nimepata kiti. Kimoja tu kilikuwa kimebaki mwezi mzima, Jumanne usiku, nami nimekiotea tangu alfajiri kama paka. Mvua zimeanza kukatika. Kamaludin amepaka chokaa chumba cha mama, maana unyevu ulikuwa umepanda ukutani.

Jumapili, 29 Juni

Nilimpigia mama asubuhi, Kamaludin akiwa amekaa ngazini kwangu kusikiliza. Nikamweleza yote, kwamba tumenunua pointi na wakatuongezea mara mbili, kwamba mwanawe katoa pesa, kwamba kiti ni cha mbele na ni keshokutwa. Nilikuwa nimefurahi. Nakubali nilikuwa nimefurahi, hata nilijisikia nikipaza sauti.

"Hapana," mama akasema.

Nilidhani simu ina kelele. "Hapana nini, mama?"

"Sirudi keshokutwa. Dada yu hali mbaya. Nitakaa naye mpaka mwisho wake. Mzamil ataniombea viza nyengine."

"Lakini mama, hiki ndicho kiti cha pekee. Pointi zishakatwa. Tukikifuta watatutoza faini, na bei hino hairudi tena mwaka huu. Ungesema juma lililopita..."

"Nasema sasa. Sitaki, Mwanakhamis."

Nyuma yake nilimsikia mama mkubwa akiuliza ni nani, na mama akimjibu, "Ni wanangu, nawakatalia," kwa sauti ya mtu anayeonja kitu asichokijua ladha yake. Kisha akakata simu. Yeye, ambaye kuagana naye huchukua muda wa kupika maharagwe.

Kamaludin alikuwa amesimama. "Kasemaje?"

"Kasema hataki."

"Kasema labda? Kasema tutaona?"

"Kasema sitaki."

"Mama?"

"Mama."

Akaketi tena. Nilifungua simu nifute kiti kabla ya faini haijawa kubwa, huku nikiwaka hasira, pesa zile zote, hesabu zile zote. Nilibonyeza. Kamaludin aliniuliza kama nalia, nikamwambia anyamaze.

Kisha tukampigia Mzamil kumuuliza viza ya pili ya mama yachukua muda gani.